Pudini ya Mkate Uliolala: Mazungumzo juu ya Kutunza Chakula Nyumbani na Chamani

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi. Makatibu wanaombwa kuyasoma katika mikutano ya elimu ya ushirika, na kuwapa nafasi akina mama na akina baba wenye ujuzi wa upishi waongeze yao.)



Huenda wako watakaoshangaa kuona kwamba taarifa ya ushirika, iliyozoea kuzungumzia mizani, pembejeo, mikopo na hesabu za mwaka, leo inazungumzia pudini. Mshangao huo utapungua mara mwanachama atakapokumbuka safari ya fedha yake. Shilingi iliyopatikana kwa kahawa, pamba, korosho au maziwa haimalizi kazi yake katika daftari la chama. Huingia nyumbani, ikanunua unga, sukari, mafuta na mkate. Ikiwa nusu ya mkate huo inatupwa jalalani, basi kipande cha jasho la mkulima kimetupwa pamoja nao, na hakuna mkaguzi wa hesabu atakayekiona.

Ushirika wenyewe ulizaliwa katika mambo kama haya. Tarehe 21 Desemba 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, wafumaji na mafundi wapatao 28 walifungua duka dogo katika mtaa wa Toad Lane. Bidhaa walizoanza nazo zilihesabika kwa vidole: unga wa ngano, siagi, sukari, unga wa shayiri ya uji, na mishumaa. Zama hizo wachuuzi wengi walikuwa wakichanganya unga na vitu visivyofaa kuliwa, kama vile chaki na shabu, na kupunja katika mizani. Wale waanzilishi waliazimia kuuza chakula safi kwa kipimo cha haki. Kwa hiyo unga, siagi na sukari, ambavyo ndivyo asili ya pudini ya mkate, ni miongoni mwa vitu vya kwanza kabisa kuwekwa juu ya meza ya duka la ushirika.

Ngano inatoka wapi, na inakwenda wapi

Ngano hustawi katika nchi za baridi za Afrika Mashariki: Hanang, Karatu na Kilimanjaro Magharibi kwa upande wa Tanzania, Narok na Uasin Gishu kwa upande wa Kenya. Hata hivyo mavuno ya nchi hizi hayajatosheleza mahitaji, na sehemu kubwa ya ngano inayosagwa katika vinu vyao huletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Ndiyo sababu vita vilipozuka kati ya Urusi na Ukraine mwezi Februari 2022, nchi mbili zinazouza ngano nyingi duniani, bei ya mkate ilipanda hata katika vijiji ambavyo havijapata kuona shamba la ngano.

Upande wa pili ni upotevu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilitoa ripoti mwaka 2024 likaeleza kwamba katika mwaka 2022 chakula kilichotupwa duniani na maduka, mikahawa na majumba kilikadiriwa kufikia tani bilioni 1.05. Kati ya kila tani kumi, sita zilitupwa majumbani. Yaani mtupaji mkubwa si tajiri wa hoteli wala mwenye duka. Ni mtu nyumbani kwake.

Na ufanywe mfano wa hesabu, ili jambo lieleweke. Chama kina wanachama 200. Kila nyumba inatupa slesi mbili tu za mkate kwa wiki. Slesi 400 zimekwenda. Ikiwa mkate mmoja una slesi 16, hiyo ni mikate 25 kwa wiki, na katika wiki 52 za mwaka ni mikate 1,300. Katibu yeyote aweza kuzidisha idadi hiyo kwa bei ya mkate katika duka la mahali pake, kisha akawauliza wanachama kama wangekubali kiasi hicho kikatwe katika malipo yao ya mazao. Hapana shaka mkutano ungechafuka.

Mkate hulala kwa sababu gani

Watu wengi hudhani kwamba mkate huwa mgumu kwa kukauka maji tu. Mwaka 1852 mwanakemia Mfaransa, Jean-Baptiste Boussingault, alionyesha kwamba mkate hulala hata ukizuiwa usipoteze unyevu, na kwamba ukipashwa moto hurudia ulaini wake. Sababu ni wanga ulio ndani ya mkate. Katika joto la kuoka wanga hunyonya maji ukalainika. Ukipoa, kidogo kidogo hujipanga upya na kukaza. Kukaza huko huenda haraka zaidi katika ubaridi wa jokofu kuliko juu ya meza. Kwa hiyo mwenye jokofu asiweke mkate wa kesho katika sehemu ya kawaida ya baridi kwa kutaka ubaki laini. Ama auache katika chombo kilichofunikwa, ama augandishe kabisa katika sehemu ya barafu.

Mkate usiotiwa mafuta, kama boflo inayopendwa Unguja na Mombasa, hulala upesi kuliko mkate wenye siagi na maziwa. Boflo ya asubuhi jioni huwa imeanza kukaza. Huo si mkate mbovu. Ni mkate unaosubiri joto na maji. Pudini huupa vyote viwili, na ndiyo maana mkate uliolala hufaa kwa kazi hii kuliko mkate mpya. Mkate mpya ukitiwa katika maziwa hurojeka ukawa kama ugali mwepesi, bali uliokaza hunywa maziwa taratibu na kushika umbo lake.

Mkate wa jana na mkate ulioharibika

Hapa ndipo penye jambo lenyewe, na makatibu wanaombwa wasome sehemu hii polepole. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini mkate si akiba ya namna hiyo. Mkate huoza, na aliyeuhurumia mkate ulioharibika anaweza kuwalisha watoto wake sumu kwa jina la kubana matumizi.

Mkate ulioota ukungu, uwe mweupe, wa kijani au mweusi, hauokolewi kwa kukwangua juu. Kile kinachoonekana ni ua tu. Nyuzi zake zimekwisha kupenya ndani ya mkate mahali ambapo jicho halifiki. Wala hauokolewi kwa kupikwa, kwa sababu baadhi ya sumu za kuvu hazimalizwi na moto wa jikoni. Afrika Mashariki imelijua jambo hili kwa msiba. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, zikiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu, na 125 kati yao wakafariki. Chakula kilichowadhuru kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, wala si mkate. Lakini funzo lake lahusu kila nafaka na kila kinachotokana na nafaka: chakula chenye kuvu hakisamehewi.

Kuna na maradhi mengine ya mkate yasiyoonekana kwa ukungu. Siku za joto na unyevunyevu, hasa pwani, mkate huweza kunata katikati. Ukimegwa huvuta nyuzi kama utando wa buibui, na hutoa harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Hayo ni matendo ya vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili moto wa kuokea. Mkate huo nao hutupwa, na aliyeuuza aarifiwe.

Je, mkate wenye ukungu apewe kuku au ng'ombe? Asipewe. Sumu huwadhuru wanyama pia, na ng'ombe aliyelishwa chakula chenye sumukuvu hutoa sehemu ya sumu hiyo katika maziwa, ambayo yatarudi nyumbani au yatapelekwa chamani kuchanganywa na maziwa ya wenzake. Mkate mkavu ulio safi ndio chakula cha kuku. Wenye ukungu ufukiwe shimoni.

Kwa hiyo kanuni ni moja nayo ni fupi: mkate wa pudini ni mkate mgumu, mkavu, wenye harufu njema. Mwenye shaka atupe. Na njia bora ya kuepuka shaka ni kutosubiri. Slesi zinazobaki jioni zikaushwe siku hiyo hiyo, katika oveni yenye moto mdogo au juu ya wavu wa jiko lenye makaa yanayozimika, mpaka zivunjike kwa mlio. Zikipoa kabisa zitiwe katika mkebe mkavu wenye kifuniko cha kubana. Zikitunzwa hivyo hukaa kwa majuma, zikingoja zifike kiasi cha kutosha.

Vitu vinavyohitajiwa

Kwa watu sita:

Slesi 8 za mkate uliolala, au kiasi kama hicho cha boflo
Maziwa nusu lita
Mayai 3
Sukari vijiko 6 vya chakula, vya kufutwa
Siagi au samli vijiko 2 vya chakula
Zabibu kavu, konzi moja ndogo
Iliki punje 5 zilizotwangwa, na kungumanga kidogo ya kukwaruza
Chumvi, ncha ya kijiko

Asiye na zabibu atie ndizi mbivu mbili zilizokatwa vipande vyembamba. Asiye na maziwa ya ng'ombe atumie tui la nazi, zito na jepesi likichanganywa. Mahali ambapo mayai ni adimu, mayai mawili na ndizi moja iliyopondwa yatatosha, ingawa pudini haitashikana vizuri kama ile ya mayai matatu.

Namna ya kupika

Kwanza, maziwa yachemshwe. Maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu na homa ya maziwa, na hakuna haraka inayoweza kuhalalisha kuyatumia bila kuyachemsha. Yakishachemka yaepuliwe, yatiwe sukari, chumvi na iliki, kisha yaachwe yapoe mpaka kidole kiweze kuvumilia.

Pili, mayai yavunjwe moja moja katika kikombe, ili yai bovu lisiharibu mengine, halafu yapigwe katika bakuli bila kuyatoa povu jingi. Maziwa ya vuguvugu yamiminwe juu ya mayai polepole huku yakikorogwa. Mpishi mwenye pupa akimimina maziwa ya moto atapata mayai ya kuvuruga badala ya pudini.

Tatu, bakuli la kupikia lipakwe siagi. Slesi zipakwe siagi iliyobaki, zikatwe vipande vinne vinne, zipangwe kwa safu, na zabibu zinyunyizwe kati ya safu na safu. Zabibu zisibaki juu kabisa, maana huungua. Mchanganyiko wa maziwa na mayai umiminwe juu kwa chujio. Mkate ubonyezwe kwa kijiko ili unywe, kisha uachwe nusu saa. Waliokausha slesi zao mkebeni wauache zaidi kidogo. Nusu saa hiyo ndiyo siri ya pudini. Wanaoiruka hupata mkate mkavu juu na maji ya mayai chini. Mwisho kungumanga ikwaruzwe juu.

Nne, upishi. Mwenye oveni apike kwa joto la digrii 180 kwa muda wa dakika 40 hadi 45. Asiye na oveni ana njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mvuke: bakuli lifunikwe kwa karatasi iliyopakwa siagi, litiwe katika sufuria yenye maji ya moto yanayofika nusu ya kimo chake, kitambaa safi kiwekwe chini ya kifuniko kuzuia matone, na moto uwe wa kuchemsha polepole kwa muda wa saa moja. Ncha za kitambaa zikunjwe juu ya kifuniko zisifikie moto. Njia ya pili ni ile inayojulikana na kila mpishi wa mkate wa kumimina, yaani kupalia: sufuria nzito, mchanga mkavu kidogo chini, bakuli juu ya mchanga, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Dakika 40 zikipita ichunguliwe. Njia hii huipa pudini uso wa rangi ya dhahabu ambao mvuke hauwezi kuutoa.

Pudini imeiva pale kisu kinapochomwa katikati kikatoka safi, na katikati pakitikisika kidogo tu. Moto ukizidi, mayai hukatika na kutoa maji. Iachwe dakika kumi kabla ya kupakuliwa.

Pudini yenye maziwa na mayai si chakula cha kulaza mezani. Iliwe siku ile ile. Isikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Mwenye jokofu aihifadhi humo na kuimaliza kesho yake. Ingekuwa jambo la aibu kuokoa kiporo cha mkate kwa kutengeneza kiporo cha pudini.

Je, ni uchumi kweli?

Mwanachama mwenye hesabu atauliza: ikiwa slesi nane za mkate zinadai mayai matatu, nusu lita ya maziwa, sukari na makaa, faida iko wapi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lisifichwe. Mtu anayenunua vitu vyote hivyo dukani kwa ajili tu ya kuokoa slesi nane atakuwa ametumia shilingi ili kuokoa senti. Wala mwenye kuku na ng'ombe asidanganyike kwamba yai na maziwa ya nyumbani ni bure, kwa maana vingeweza kuuzwa.

Pudini ina faida pale inaposhika nafasi ya chakula kingine, kama vile kifungua kinywa au chakula cha saa kumi cha watoto, na si inapoongezwa juu ya vyakula ambavyo vingepikwa vyovyote vile. Ina faida pale inapopikwa kwa makaa yaliyobaki baada ya maharage kuiva. Na ina faida kwa afya, kwa kuwa mtoto anayekataa yai na maziwa huyapokea bila ugomvi yakiwa ndani ya pudini. Pasipo na mambo hayo, mkate uliolala una njia nyingine zisizo na gharama kubwa: uchomwe na kuliwa kwa chai, utwangwe kuwa chenga za kupakia katlesi, au utiwe katika mchuzi kuufanya mzito. Mwanachama aandike bei za vitu katika daftari la nyumbani, agawanye kwa idadi ya walaji, alinganishe na gharama ya chakula kinachobadilishwa. Hesabu hiyo ndiyo mwalimu, si maneno ya mkutanoni.

Yafaa pia isemwe kwamba kazi hii si ya mama peke yake. Baba anayejua kupima mbolea kwa kilo anaweza kupima maziwa kwa kikombe, na kijana anayechochea moto wa chai anaweza kukausha slesi.

Mkate wa chama

Limebaki neno moja kwa makatibu na wajumbe wa kamati. Mara nyingi chama hununua mikate ya chai ya mkutano mkuu, na mikate ikabaki. Mikate hiyo ni mali ya wanachama. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mkate nao ni mali. Iandikwe mingapi ilinunuliwa, mingapi ililiwa, mingapi ilibaki na ilikwenda wapi: iliuzwa kwa bei iliyopunguzwa, ilitolewa kwa shule, au ilikabidhiwa kikundi cha akina mama kipike pudini kwa ajili ya kikao kifuatacho. Mistari miwili katika daftari huzuia minong'ono ya mwaka mzima.

Kwa vyama vyenye maduka, mkate usiouzika siku yake usichanganywe rafuni na mkate mpya. Uwekwe mahali pake, ukiandikwa wazi kwamba ni wa jana, kwa bei ambayo kamati imeipitisha. Wako wanachama watakaoutafuta huo huo kwa ajili ya pudini. Bali mkate wenye ukungu usiuzwe kwa bei yoyote ile, hata kwa mfugaji wa kuku. Uandikwe katika hasara na kufukiwa mbele ya shahidi. Wale wafumaji wa Rochdale walifungua duka lao kwa sababu walichoka kuuziwa chakula kichafu. Duka la ushirika linalomuuzia mwanachama chakula kibovu limekwisha kupoteza sababu ya kuwapo, hata kama hesabu zake zinaonyesha ziada.

Ndugu Wanachama, mkutano ujao wa elimu ungeweza kutenga saa mbili kwa jambo hili. Kila mmoja aje na slesi zake kavu, chama kitoe maziwa na mayai kwa idhini ya kamati, na pudini ipikwe kwa njia zote tatu, kwa oveni, kwa mvuke na kwa kupalia, ili wanachama walinganishe kwa ulimi na kwa hesabu ya mkaa. Katibu aandike matokeo na kuyaleta kwenye chama kikuu, ili vyama vingine navyo vifaidike.

Ushirika ni nguvu.